Braska Hakufika Hospitali

Nyangoto,
Ijumaa, 14 Oktoba 1994

Kwa Mama yangu mpendwa, Bi Mwajuma,
Morotonga, Mugumu.

Shikamoo Mama, na assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye mkeka wako barazani, mguu wa kulia umepata nafuu, na ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori imekufikia, hakujichua nayo mwenyewe njiani. Mimi mwanao ni mzima wa mwili. Mengine nitakuambia humu humu, taratibu.

Na wewe shemeji Samira, unayemsomea Mama, salaam nyingi. Najua umeketi kwenye kigoda pembeni yake, na najua kabla hujaanza umezihesabu kurasa. Ni nyingi. Nakuomba jambo moja mapema: usikimbilie mwisho. Soma kwa mpangilio niliouandika, maana nimetumia siku mbili kuupanga na sidhani kama nitaweza kuupanga tena.

Mama, barua yako ya wiki iliyopita niliipata. Umesema Mzee Sadick, baba yake Samira, amekuja tena kuuliza habari za binti yake, ameketi, amekunywa chai, hakugusa maandazi, akataka kujua Faridu na Samira watafunga ndoa lini, kwa sababu yeye anataka iwe kabla ya Ramadhani. Umesema umemjibu kwamba Faridu yuko Nairobi kwa shughuli zake na atarudi. Kisha umeniagiza nimwandikie huyo mdogo wangu, nimwambie ulimwengu haumaliziki kwa kuzunguka, arudi aoe. Hilo ndilo ninalolijibu leo. Nilijaribu kulijibu kwa mistari miwili, nikachana karatasi nne. Naona itabidi nianzie mbali, kwenye banda langu, na kwenye watu wa kwenye video, hasa yule Roni Braska ambaye Faridu alikuchosha masikio kwa habari zake wakati wa Iddi.

Kazi yangu hukuwahi kuipenda, nami sikulaumu. Ulisema marehemu Baba alishona kanzu za watu miaka thelathini ili mwanawe mkubwa aje apige kelele ndani ya maturubai. Lakini hujawahi kuiona, kwa hiyo ngoja nikueleze. Nina televisheni moja, deki moja, jenereta linalokohoa, na mabenchi niliyoyapigilia misumari mwenyewe. Wachimbaji wa dhahabu wakitoka kwenye mashimo wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wanataka kukaa mahali na kuona mtu mwingine akipigwa. Mimi nakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, natia maneno ya Kiswahili. Kiingereza changu ni cha darasa la saba na cha mtaani Sirari. Nusu nasikia, nusu nawapa kutoka kichwani mwangu. Mzungu akisema maneno matatu mimi nasema thelathini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Kuna waliotoka Mwanza kwenye majumba ya sinema ya kweli, wakasema hapa ni patamu zaidi.

Sasa, wale nyota wakubwa, wenye sura kwenye fulana, sisi hatukuwapata. Kanda zao zilikuwa zinakwenda mijini. Yule bwana wa Sirari aliyekuwa akiniuzia kanda kutoka upande wa Kenya alikuwa na gunia chini ya meza, la picha ambazo hakuna aliyeziulizia. Banda langu lilitoka kwenye gunia lile. Humo ndimo tulimopata Mchina mnene tuliyemwita Kipara, ambaye alipigana huku ameshika bakuli lake la wali. Humo tulimpata dada mmoja wa Kifilipino, tukamwita Mama Teke, na mwanamume mrefu mweusi aliyevua miwani na kuikunja vizuri kabla hajaanza kupiga, tukamwita Mwalimu. Watu hawa ukiwaangalia unaona wanafanya kazi. Steringi, yule shujaa mkuu wa picha, anashinda bila kutoa jasho, nywele zake zimekaa vile vile. Mwalimu akianguka kutoka juu ya paa, ni yeye mwenyewe aliyeanguka. Unamwona anainuka anachechemea, na picha inaendelea naye anachechemea. Faridu alikuwa akisema hawa ni vibarua wenzetu, wanakula ngumi zote halafu jina anachukua mwingine.

Na Roni Braska alikuwa wa kwanza kati yao. Kwenye makasha ya kanda jina lake lilikuwa mstari wa pili, herufi ndogo, na sura yake ilikuwa nyuma ya bega la steringi, sikio moja limekatwa na ukingo wa karatasi. Katika kila picha yeye ni rafiki wa steringi. Ndiye anayeendesha gari. Ndiye anayeazima bunduki. Ana mke mjamzito, na wakati fulani atatoa picha ya mke wake mfukoni aonyeshe wenzake, na akishaitoa, Mama, basi ujue hafiki mwisho. Steringi hafi, hilo kila mtu wa hapa analijua. Anayekufa ni rafiki yake. Wachimbaji walimpenda Braska kupita kiasi. Nadhani kila mmoja akijipima alijiona yuko kwenye ule mstari wa pili.

Siku moja alikuja fundi redio mmoja wa Mwanza, akacheka. Akasema huyu Braska wenu hakuna anayemjua, mjini hata watoto hawamjui, si nyota huyu. Faridu, ambaye wakati ule ndiye alikuwa mlinzi wangu wa mlangoni, alimtoa yule fundi nje pamoja na benchi alilokalia. Baadaye tukiwa kando ya jenereta akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia huenda ni kweli. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi sisi ndio tunamjua." Akaona limekwisha. Wiki ile ile akamwandikia Braska barua, kurasa mbili, kwa Kiswahili, akanakili anwani iliyochapwa nyuma ya kasha. Nilimtania sana. Nikamwambia Braska yuko kwao anazunguka mtaa kwa mtaa anatafuta mtu wa kumsomea. Alicheka, lakini lori la barua likifika alikuwa anasimama.

Ikaja Iddi, mwezi wa tatu. Faridu akaja huko, mkamposea Samira, na mimi nikabaki huku kwa kuwa sikukuu banda hujaa. Katika siku zile Faridu hayupo ndipo nilipoonyesha kwa mara ya kwanza picha ya Braska ya mgodini. Sikuwa nimeitazama kabla. Humo Braska na steringi wanachimba almasi kwenye nchi moja ya milima. Shimo linaanza kumwaga udongo, watu wote wanakimbia, steringi ametoka, Braska ametoka. Halafu Braska anakumbuka kuna mzee amebaki ndani. Anarudi. Dari inashuka, na unaona mkono wake tu, na hata huo mkono unafunikwa. Steringi analia kidogo juu ya kifusi, halafu anakwenda zake kulipiza kisasi.

Nilitia maneno kama yalivyo, sikuongeza la kwangu. Picha ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Wamezoea kubishana mlangoni nani ampige nani. Siku ile walitoka mmoja mmoja. Na kesho yake asubuhi, katika maduara manne, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, watu walikataa kushuka.

Mama, huku kwa wachimbaji kifo hakitajwi karibu na shimo. Mtu akifukiwa wanasema amechelewa. Mimi nilikuwa nimewaketisha watu sitini na kuwaonyesha mtu anazikwa hai, mita mia mbili kutoka mahali wanapofanya kazi. Heche, mwenye duara kubwa kuliko yote, alikuja bandani na wenzake watatu. Ni mtu mpole wa sauti, huwezi kumpandishia sauti ukizungumza naye. Alisema picha ile ni mkosi, na kwamba watu wakishaanza kuogopa hata udongo wa kawaida utawaua. Nikamwambia mimi sikuitengeneza picha ile, Wazungu ndio walioitengeneza, na Braska amekufa ndani yake, nifanyeje. Heche akaniangalia, akasema, "Wewe ndiye unayesema. Sema vingine."

Nikasema vingine. Jumamosi ile niliirudisha picha ile ile. Dari ilipoanza kutikisika nikafunika televisheni kwa kanga yako, ile ya mikorosho uliyonipa nifungie nguo, nikawatangazia kwamba kanda imeharibika kidogo hapo lakini mimi naijua habari yake. Nikaisimulia kwenye kipaza sauti. Nikasema vumbi limejaa, Braska anatambaa, kumbe chini kwa chini kuna njia inayokwenda kwenye shimo la jirani, anaona mwanga, anapenya, ametokea upande wa pili na mzee mgongoni. Watu wakasimama juu ya mabenchi. Nilipoondoa kanga, steringi alikuwa analia juu ya kifusi. Nikasema analia kwa furaha. Kwa kuwa Braska haonekani tena mpaka mwisho, ilibidi nimpeleke mahali, nikampeleka hospitali. Kila baada ya muda nikawa naingiza kwamba Braska anaendelea vizuri, anawasalimia. Walipiga makofi mpaka turubai likatikisika. Jumatatu watu walishuka maduara yote.

Faridu aliporudi kutoka kwenu alikuta picha hiyo ndiyo habari ya mji. Akaiona mara tatu. Aliniuliza kuhusu kanga, nikamwambia deki imetafuna kanda mahali pale. Hakuuliza tena, kwa nini aulize, mimi ni kaka yake. Ningeweza kumweleza ukweli kwa dakika moja tukiwa tunakula. Sikumweleza kwa sababu alikuwa amechoka kumwona Braska akifa, na mara ile alitoka nje anatembea kwa madaha, akaniambia hatimaye wamempa mtu wake haki yake. Nikaona nimharibie raha ya nini.

Sasa nakuja kwenye jambo la kwanza ambalo nilikuficha. Siku namchukua Faridu kuja naye huku, ulinishika mkono mlangoni ukaniambia mwanao asiingie shimoni, asimame mlangoni kwangu tu, na mimi nikaitikia. Baada ya posa alirudi na hamu ya kujenga chumba. Alisema hawezi kumweka mke kwa fedha ya kuangalia mlango. Akaniomba ruhusa ashuke kwenye duara la Heche. Siku ya kwanza nikakataa, ya pili nikakataa, ya tatu nikamwambia nenda, ila Mama asijue. Alishuka wiki nne. Alikuwa hodari, Heche mwenyewe alisema. Jioni alikuja bandani na udongo masikioni, anakaa benchi la mbele kama mteja, ananikonyeza.

Mwezi wa nne mvua zilikuja kwa nguvu. Duara la Heche na duara la jirani yake yalikuwa yamekutana chini, kama inavyotokea huku watu wakifuata mwamba mmoja; palikuwa na tundu ambalo mtu mwembamba anaweza kupita akitambaa. Asubuhi moja ukuta ukaanza kumwaga. Wote wakapanda juu, na Faridu akapanda, salama kabisa, Mama, alikuwa amesimama juu ya ardhi anajifuta macho. Heche akaita majina. Mzee Kisyeri hakuitikia. Huyu ni mchimbaji wa siku nyingi, mkongwe wao, na kila mtu alimpenda. Heche ameniapia kwamba alimshika Faridu shati. Faridu akamwambia, "Nitatokea upande wa pili, kama Braska." Na alicheka. Heche anasema alicheka kweli, na kifungo kimoja cha shati kikabaki mkononi mwake.

Lile tundu la upande wa pili lilikuwa limejaa maji tangu usiku. Mdomo wa duara ulishuka wote kabla kamba haijaacha kuyumba.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mama, Faridu amefariki. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe ishirini na moja ya mwezi wa nne, saa tatu asubuhi. Ni miezi sita sasa.

Mzee Kisyeri hakuwa shimoni. Alikuwa ametoka mapema, tumbo linamsokota, akaenda kwa Rhobi mama ntilie kunywa uji, na hakumwambia mtu. Alirudi na kikombe mkononi, akakuta watu wanachimba kama wendawazimu. Akaweka kikombe chini, akachukua koleo akachimba pamoja nao, na baada ya muda ndipo akauliza anayetafutwa ni nani.

Tulichimba siku nne. Upande wa jirani nao ukashuka, ukataka kuchukua wengine wawili, Heche akasema basi. Hakusema kwa ukatili. Alikaa chini akaweka kofia yake usoni. Sisi Waislamu wachache wa sokoni tulisimama pale pale juu ya kifusi tukamswalia. Sanda niliyonunua haikupata wa kuvishwa, iko kwenye sanduku langu mpaka leo. Hana kaburi, Mama, na hatapata. Pale pana kifusi tu, na nimeweka mawe matatu kuonyesha upande aliokuwa ameelekea.

Utauliza kwa nini sikuja kukuambia siku ile ile. Nilikuja. Nilipanda lori, nikafika Mugumu, nikashuka sokoni. Nikakuona. Ulikuwa unachagua dagaa, unamtania muuzaji kwamba dagaa zake ni wazee kuliko yeye, na watu wanacheka. Nilisimama nyuma ya kibanda cha viatu nikakuangalia mpaka ulipofunga kanga yako na kuondoka. Kisha nikarudi na lori lile lile. Sijawahi kuwa mtu dhaifu namna ile, wala sikujua kwamba niko hivyo.

Nilipofika huku nikaandika. Zile barua tano za Faridu ulizoziweka kwenye kopo la majani ya chai, zote ni zangu. Mwezi wa tano nilimpeleka Sirari kumsaidia mfanyabiashara. Mwezi wa sita nikampeleka Kisumu. Mwezi wa saba nikamfikisha Nairobi, nikamtafutia chumba, nikampa rafiki mmoja mzuri wa kupika naye. Kila barua nilisema anaendelea vizuri, anawasalimia. Nilikuwa naandika huku najisikia sauti yangu mwenyewe kwenye kipaza sauti. Na wakati mwingine, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi kidogo. Nilikuwa namwona mdogo wangu kwenye barabara za Nairobi, na kwa muda wa kurasa mbili alikuwa hai.

Samira, hapa ndipo penye dhambi yangu kwako. Barua ya mwezi wa saba, ile iliyosema umsubiri, kwamba akirudi hataondoka tena, ni mimi. Najua ulipoisoma ulimkataa yule mwalimu wa Issenye aliyetaka kukuoa, na Mama aliniandikia kwa fahari kwamba umesema wewe una mtu wako. Mwalimu ameoa mwezi wa tisa, nimesikia. Ulikuwa unamsubiri mtu ambaye alikuwa chini ya udongo tangu mvua za masika, na mimi niliyejua nilikuwa nikikupa moyo uendelee. Sikuombi unisamehe. Ningekuwa wewe nisingenisamehe.

Kilichonivunja si barua ya Mama. Ni ule mstari ulioandika wewe mwenyewe chini kabisa, kwa herufi ndogo, baada ya salamu za Mama kwisha: "Shemeji, siku hizi Faridu hanitanii. Kuna nini?" Nilikaa na karatasi ile mkononi mchana kutwa. Nilikuwa nimeweza kumtafutia chumba, kazi, marafiki, hata mafua nilimpa mwezi wa nane ili barua iwe na ukweli. Utani wake sikuwa nao. Aliondoka nao.

Juzi Jumatano alasiri niliitoa picha ya mgodini. Sikuichukua kanga. Dari iliposhuka nikaiacha ishuke waziwazi mbele yao, mkono ukaonekana, mkono ukafunikwa, na sikutia hata neno moja. Steringi alipokuja kulia nikasema analia kwa sababu rafiki yake amekufa. Ndani ya banda mlikuwa na watu kama arobaini. Mzee Kisyeri hukaa benchi la mbele, mahali pale pale alipokuwa akikaa Faridu, na tangu mwezi wa nne hatujawahi kuangaliana vizuri. Akageuka polepole. Akaniuliza, "Kwa hiyo hospitali hakufika?"

Nikamwambia, "Hakufika, mzee."

Akaokota kofia yake akatoka, na wengine wakamfuata. Heche alibaki mpaka mwisho. Nilidhani atanipiga au atanifukuza. Alikwenda nyuma akazima jenereta mwenyewe, akanishika bega, akaondoka. Jana watu wa duara lake hawakushuka. Deki nimeifunga kwenye gunia na sitaifungua. Nilimuuliza yule bwana wa Sirari, mara ya mwisho, kama ana picha mpya za Braska. Akasema hakuna mpya kwa miaka kadhaa sasa, huyo mtu hatumiki tena, hakuna anayejua yuko wapi wala kama yu hai. Nadhani sisi wa Nyangoto ndio wa mwisho waliokuwa wakimngoja, na sasa hata sisi hatumngoji.

Mama, sina neno la kukufariji. Nimetafuta. Nimezoea kuwa na maneno mengi, nawe umenisema sana kwa hilo, lakini humu sioni pa kuyatia. Alhamisi nitakuja na lori. Nitakuja na sanda, na shati lake la kwendea mjini, na kile kifungo, na kasha la kanda alilolikata sura ya Braska akaibandika ukutani. Sitaingia. Nitasimama nje, upande wa mti wa mpera, mpaka wewe mwenyewe uniite, na usiponiita nitaelewa. Nifikishie shikamoo kwa Mzee Sadick, na umwambie nitakwenda kwake kwa miguu yangu kumwambia haya haya, asiyasikie sokoni. Wasalimie majirani wote wanaoniuliza, na bibi wa nyumba ya nyuma, mwambie naomba dua yake.

Na wewe shemeji, neno langu la mwisho ni lako. Mama anajua herufi za msahafu tu, hizi hazijui. Ulipofika kwenye ule mstari wa mwezi wa nne, inawezekana ulinyamaza. Inawezekana ulimwambia koo limekukauka, ukanywa maji, kisha ukamwambia Faridu yuko Nairobi, anaendelea vizuri, anawasalimia. Yeye ameketi hapo anakuangalia mdomo, na hakuna mtu wa kukukosoa, kwa kuwa wewe ndiye unayesema. Najua ni rahisi kiasi gani. Najua pia unafanya hivyo kwa kumpenda. Kama umeuruka mstari ule, Samira, nakuomba ufute macho, urudi nyuma kurasa tatu, umsomee kama ulivyoandikwa.

Ni mimi mwanao,
Ashrafu